UZI: Mtoto anakwenda kuishi kwa watu Marekani mwaka mzima? Mfundisheni kusema kabla hamjafunga begi

BintiKuze:

Assalam aleikum, na salamu kwa wote wa pwani na wa bara.

Kila majina ya waliopita usaili wa YES (Youth Exchange and Study), mpango unaowapeleka wanafunzi wa sekondari kukaa na familia za Marekani mwaka mmoja wa masomo, yakitoka, simu yangu hujaa jumbe za wazazi. Mama wa Kisauni atauliza jaketi inunuliwe wapi. Baba wa Majengo atauliza kama kuna msikiti karibu. Khala wa Likoni ataka kujua kama mtoto atapata wali. Maswali yote ni ya haki na nitayagusa. Lakini nimewaona vijana wa kwetu wakienda na kurudi, na mimi mwenyewe nilikaa Wisconsin mwaka wa masomo wa 2016 hadi 2017, na kinachowaumiza zaidi watoto wa Mombasa si baridi wala chakula. Ni ile adabu ya kunyamaza tuliyowalea nayo.

Tazameni tunavyolea. Mtoto akipelekwa nyumba ya watu, anausiwa mlangoni: usiombe-ombe, ukiulizwa kama umekula sema umekula, usifungue friji ya watu, ukichoka vumilia, usiwatie watu kazini. Akikaribishwa chakula anakataa mara ya kwanza, mwenye nyumba anamshika mkono na kumkalisha, sahani inajazwa, akimaliza inaongezwa bila kuulizwa. Kila mtu anaijua desturi hiyo, kwa hivyo mtoto hana haja ya kusema ana njaa. Yupo mtu mzima anayemtazama usoni na kumkisia.

Huko hakuna wa kumkisia. Ukisema umeshiba, umeaminiwa. Chakula kinafunikwa, kinaingia kwenye friji, meza inapanguswa, na bado ni saa kumi na mbili jioni. Hakuna chai ya saa tatu usiku, hakuna jirani anayegonga na sahani ya mahamri. Si kwamba watu wale wana roho mbaya. Kwao kumshurutisha mtu ale baada ya kukataa ni kutomheshimu, maana yake hukuyaamini maneno yake. Basi adabu mbili nzuri zinakutana mezani, na mtoto analala njaa.

Kijana mmoja wa Likoni aliyekuwa jimbo la jirani alikonda hadi suruali zikawa zinamvuka. Mama mwenyeji wake akampigia simu msimamizi wa programu huku akilia, akisema mtoto wa watu hapendi chakula changu, labda hata mimi hanipendi. Kijana naye alikuwa akinambia kwenye simu kwamba nyumba ile ni ya wachoyo. Siku zote hizo friji ilikuwa imejaa na haikufungwa kufuli. Msimamizi alipokuja akawakalisha jikoni, kila mmoja akaeleza kwao watu hulaje, na mambo yakaisha pale pale. Mama akamwonyesha rafu yake, akamwambia chochote kilichopo hapa kula hata saa nane ya usiku. Kijana alitaka kuambiwa hivyo tangu siku ya kwanza, ila hakuwahi kuuliza kwa sababu mamake mzazi alimlea vizuri sana.

Ndiyo maana nasema mfundisheni kusema, na mfundisheni kabla hajaondoka, kwa sababu ulimi hauzoei jambo jipya kwa siku moja, tena kwa Kiingereza, tena mbele ya mtu mzima asiyemjua. Likizo hii mwacheni aombe kitu kwa maneno yake mwenyewe. Akikaa kimya na uso umemkunjamana, msimkisie. Mwambieni, sema unataka nini. Akisema, msimwite mjeuri.

Mimi nilianza na nguruwe. Baba mwenyeji alikuwa na mazoea ya kukaanga bekoni Jumamosi asubuhi, na mafuta yake akiyamimina kwenye kopo la bati kando ya jiko, apate kuyakaangia mayai siku nyingine. Mapema kabisa nikamwambia: sili nguruwe, na si nyama pekee, hata mafuta yake, hata kikaango kilichomkaanga. Nilikuwa natetemeka lakini nilisema. Akanisikiliza, akaanza kuuliza yeye: na mayai? Na keki? Tukatoa pakiti kabatini tukawa tunasoma maandishi madogo pamoja, tukakuta gelatini, ambayo huweza kutoka kwa nguruwe, kwenye peremende, tukaiweka kando. Jioni akarudi na kikaango kipya chenye mpini mwekundu. Akakitundika kwenye msumari wake, mbali na vingine, akawaambia wanawe hiki ni cha dada yenu, asikiguse mtu kwa bekoni. Na hakuna aliyekigusa hadi naondoka.

Kuna kimya kingine kibaya zaidi, cha chumbani. Mtoto akizidiwa na ugeni anajifungia na simu yake. Kwetu mtoto aliyejifungia chumbani anasoma, au amelala, na hakuna anayeona vibaya. Kule mlango uliofungwa jioni nzima, siku baada ya siku, unawaambia wenye nyumba kwamba hutaki kuwa nao. Hata kama huna la kusema, kaa sebuleni na kitabu chako, osha vyombo huku wanazungumza, nenda nao dukani. Wao walijitolea kumchukua mtoto wa nchi nyingine kwa sababu wanataka kuishi naye. Muulize mama mwenyeji umsaidie nini jikoni. Wavulana, hili ni lenu pia. Kule baba anaosha vyombo, kaka anajifulia nguo, na aliyezoea dadake kumpigia pasi atajifunza pasi au atavaa makunyanzi.

Wiki ya kwanza, akae na wenyeji awaulize mambo madogo madogo yote kwa mkupuo: naruhusiwa kufungua friji wakati gani, naoga kwa muda gani maana maji ya moto hukwisha, siku ya kufua ni ipi, nani ananiamsha, simu inazimwa saa ngapi, nikichelewa nimwambie nani. Pia kuna la chooni, ambalo watoto wetu wanaona haya kulitaja. Vyoo vyao havina maji ya kujitwaharishia. Anunue kopo lake la plastiki au chupa yenye mdomo, amwambie mama mwenyeji waziwazi kwamba kwetu hutumia maji, aliweke chooni. Hakuna atakayemcheka.

Sasa nyinyi mlio nyumbani. Msimpigie kila usiku. Najua yanachoma, lakini mtoto anayezungumza na Mombasa kila siku hafiki Marekani. Mwili uko kule, moyo uko Mwembe Tayari. Isitoshe saa hazilingani: wakati wa baridi Wisconsin iko nyuma yetu kwa saa tisa, na tangu katikati ya Machi hadi mapema Novemba kwa saa nane, kwa sababu wao hubadilisha saa na sisi hatubadilishi. Mkimaliza chakula cha usiku saa mbili, yeye kule ni saa tano asubuhi, yuko darasani. Chagueni siku moja ya wiki, Jumamosi au Jumapili, mzungumze kwa nafasi. Na tafadhali, binamu wasimwagizie simu wala viatu. Pesa ya matumizi anayopewa ni ndogo na ina kazi zake.

Karibuni kwa maswali.

MamaBamburi:

Waaleikum salaam mwanangu, Mungu akubariki kwa kujitolea. Binti yangu amepita, ataondoka inshallah Agosti. Mimi khofu yangu ni mbili. Ya kwanza ni swala na hijabu, maana huyu amezoea adhana, akisikia ya msikiti wa mtaani anajua saa. Ya pili, nimeambiwa familia aliyopangiwa ni wazee wawili ambao watoto wao wamekua wakahama. Nikauliza, sasa mtoto wa miaka kumi na sita atazungumza nini na wazee?

BintiKuze:

Ahsante mamangu. Nianze na swala kwa sababu hapa nchi yenyewe inamchanganya mtoto. Sisi Mombasa tuko karibu na ikweta, magharibi kwetu haipotei, mwaka mzima ni saa kumi na mbili na kitu. Wisconsin ya kaskazini mwezi wa Desemba jua linatua saa kumi na robo alasiri. Hebu fikiria: adhuhuri inaingia wakati wa chakula cha mchana, alasiri inaingia kipindi cha mwisho au ukiwa unavaa jaketi utoke, na magharibi inakukuta kwenye basi la shule au mlangoni mwa nyumba. Asiyejipanga atajikuta kila siku anakusanya qadha, yaani swala zilizompita wakati. Juni ni kinyume chake, jua halitui hadi saa mbili na nusu usiku ipite.

Hapa tena ni kusema. Mshauri wa masomo wa shule aambiwe wiki ya kwanza: nahitaji dakika chache na pembe safi. Sheria za huko zinamruhusu mwanafunzi kuswali kivyake katika muda usio wa somo, hata shule ya serikali. Mimi nilipewa chumba kidogo nyuma ya maktaba, penye ramani kuukuu na kiti kilichovunjika mguu, nikatandika msala wangu pale. Mkutubi akawa ndiye ananikumbusha: "Saa yako imefika." Udhu wa miguu kwenye sinki la shule ni shida, na kuvua soksi na viatu vya theluji ni masumbuko ya kila siku. Amuulize ustadh wake hukumu ya kupangusa juu ya khuffu (soksi za ngozi) na soksi za kawaida kabla hajaondoka, ajue la kufanya.

Hijabu haizuiliwi katika shule za serikali. Ataulizwa maswali, mengine ya kipuuzi, mengi ya kutaka kujua kweli. Ajibu tu. Akiingia timu ya michezo amwambie kocha mapema kuhusu mavazi, wasijekwenda kukutana nalo siku ya mechi. Na nakusihi aingie timu au kilabu chochote. Marafiki kule hawapatikani darasani, maana kila kipindi wanafunzi hubadilisha chumba na hakuna darasa moja la kukaa pamoja kama letu. Wanapatikana mazoezini, kwenye kwaya, kwenye tamthilia. Mbio za nyika za msimu wa vuli mara nyingi hupokea kila anayejitokeza, hata asiye na kasi.

Ramadhani: mimi iliniangukia mwisho wa Mei 2017, tukifunga kama saa kumi na saba wakati Mombasa ni saa kumi na tatu na kidogo. Nilifuturu peke yangu siku za mwanzo, baadaye mama mwenyeji akawa anasubiri chakula chake hadi jua litue ale nami. Binti yako ana bahati. Ramadhani ya 2027 itaanguka Februari, siku fupi za baridi, mwanzoni atafunga muda mfupi kuliko wewe hapo Bamburi.

Kuhusu wazee wawili, ondoa wasiwasi. Wengi wa waliokaa na wazee ndio waliopata muda zaidi wa kuzungumzishwa, kufundishwa kuoka, kupelekwa safari. Nyumba yenye vijana wenzake ina raha yake na ina wivu wake.

Nahodha_Mtongwe:

Mimi nitauliza bila ya kuzunguka. Kwa nini wazungu walipie tiketi, bima, viza, na posho juu, kwa mtoto wa Mtongwe? Na hizo familia zinalipwa kiasi gani? Kwa sababu mtu hafugi mtoto wa mwenzake mwaka mzima bure. Mimi naona wanataka kuwabadilisha watoto wetu, wakirudi hawamjui Mungu wala mama.

BintiKuze:

Swali zuri, na mzazi yeyote ana haki ya kuuliza hivyo, nahodha.

Mpango huu wa YES ndio niliokwenda nao mimi. Bunge la Marekani liliuanzisha Oktoba 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na umepewa majina ya maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar. Lengo lake halikufichwa: kuwachukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi wakae na familia za Marekani, pande mbili zifahamiane. Kwa hivyo ndiyo, serikali yao ina faida inayoitafuta. Sisi nasi tunatafuta yetu. Mwezi wa Novemba wana wiki ya elimu ya kimataifa, mwanafunzi anasimama mbele ya watu na kueleza kwao. Mimi nilisimama mbele ya darasa la watoto ambao hawajawahi kumuona Mwislamu hata mmoja, nikawapikia wali wa nazi kwa tui la kopo, nikawaonyesha picha za Mji wa Kale na leso ya mamangu. Katika ule mji mdogo, Uislamu walioujua hadi siku ile ulikuwa wa kwenye runinga. Nafikiri kazi ile ilikuwa na thamani, na bado nafikiri hivyo.

Familia hazilipwi. Kanuni za J-1, viza ya wageni wa mipango ya kubadilishana, kwa wanafunzi wa sekondari zinakataza kulipa familia mwenyeji. Wanachopata ni kuruhusiwa kuondoa hadi dola 50 kwa mwezi kwenye mapato yao yanayotozwa kodi, na kiasi hicho hakimlishi hata kijana mmoja wiki moja. Kila mtu mzima wa nyumba ile hukaguliwa rekodi ya polisi. Msimamizi lazima aishi ndani ya maili 120 kutoka nyumba aliyomo mtoto, yaani kama kutoka Mombasa hadi kupita Voi kidogo, na lazima awasiliane na mtoto kila mwezi, na na familia kila mwezi. Yeye mwenyewe haruhusiwi kuwa mwenyeji wa mtoto anayemsimamia.

Kuhusu dini, kwenda kanisani ni hiari. Mimi niliwasindikiza Krismasi kwa sababu bibi wa nyumba ile aliniomba, nikakaa nyuma, nikasikiliza nyimbo. Shuleni asubuhi huapa mbele ya bendera yao, na Mahakama yao ya Juu iliamua tangu 1943 kwamba hakuna mwanafunzi wa kulazimishwa. Nilisimama kimya kwa heshima na hakuna aliyeniuliza.

Lakini sitakudanganya kwamba kila nyumba ni njema. Wapo waliokutana na nyumba ya ugomvi, nyumba ya baridi ya moyo, au mtu wa kumgusa-gusa mtoto asikotaka. Mtoto aambiwe na wazazi wake, kwa mdomo wao, kabla ya kupanda ndege: kubadilishiwa familia si aibu, hutokea kila mwaka, na hatutakukasirikia. Amwambie msimamizi. Msimamizi akipuuza, aende kwa mshauri wa shule. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina nambari ya bure ya simu kwa wanafunzi wa J-1, aihifadhi kwenye simu na pia aiandike kwenye karatasi. Mtoto aliyefunzwa kwamba kumshtaki mkubwa ni utovu wa adabu atavumilia jambo ambalo si la kuvumiliwa. Hili ndilo linaloninyima usingizi nikiwaaga.

Nahodha_Mtongwe:

Nimekusikia. Hilo la mwisho nitamwambia hata wangu wa hapa hapa nyumbani.

Mwalimu_Changamwe:

Niongeze la shule, maana wazazi huja kwangu wakiwa wameshachelewa. Mwaka wao huanza Agosti au Septemba na kwisha Mei au Juni. Wetu ni Januari hadi Novemba. Kwa hivyo mtoto anatoka muhula wa pili na kurudi muhula wa pili, katikati ya kila kitu.

Zamani jibu lilikuwa rahisi: anarudia kidato, anafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka mmoja baadaye. Safari hii kuna mtego. Walio Kidato cha Tatu mwaka huu wa 2026 ndio wa mwisho wa mfumo wa zamani wa 8-4-4, KCSE yao ni 2027. Nyuma yao hakuna Kidato cha Pili, kuna Gredi ya 10 ya mtaala mpya. Akiondoka Agosti 2026 akarudi Juni 2027, anakuta wenzake wamesajiliwa mtihani na wamebakiza miezi michache, na darasa la kurudia halipo. Mzazi wa mtoto wa Kidato cha Tatu asitie saini chochote kabla hajakaa na mwalimu mkuu na kuuliza Baraza la Mitihani.

Wa Gredi ya 10 wana nafuu, lakini nao watazame mkondo wao. Aliye kwenye Sayansi na Teknolojia achague kule hisabati, fizikia, kemia au baiolojia, asije akajaza ratiba kwa upishi na ufinyanzi. Kule mwanafunzi anachagua, na hakuna atakayemkataza. Kila kazi ya nyumbani inahesabiwa kwenye alama, tofauti na mazoea yetu ya kungojea mtihani wa mwisho. Akimaliza, aombe hati rasmi ya matokeo yenye muhuri kabla hajaondoka. Kuiomba akiwa Mombasa ni kazi ya miezi. Na barua ya ruhusa ya shule ya hapa iwe ya maandishi. Ahadi ya mdomo ya mwalimu mkuu inahama naye akihamishwa.

KijanaWaTudor:

Mimi nimerudi juzi juzi nilikuwa Minnesota. Dada ameeleza yote ila la kurudi. Mkirudi mtaona nyumbani kumekuwa kudogo na kelele nyingi, na mtu ukisema ukweli wako unaambiwa umeleta uzungu. Mimi nilimwambia baba nahitaji kupumzika siku ya harusi, kukawa na kikao cha ukoo. Marafiki wangu wako darasa la mbele, nimekaa na wadogo zao. Ilichukua muda. Kilichonisaidia ni waliotangulia, tulikuwa tukikutana ufuoni pa Mama Ngina kuzungumza, maana ukimsimulia mtu mwingine theluji kwa mara ya tatu anachoka.

La baridi: msinunue jaketi za bei dukani. Mitumba ya Kongowea kuna jaketi nzito ambazo watu wa joto hawazigombanii. Nunua moja ya kufikia, nyingine utapata kule, na wao wana maduka ya mitumba pia. Viatu vya theluji nunua kule kule.

MamaBamburi:

Kijana, pole na karibu nyumbani. BintiKuze, la mwisho mwanangu. Mdogo wangu anasema binti akifika huko asirudi, ajifichie kwa watu wetu Minneapolis. Nimemwambia aache. Halafu fomu za chanjo zimekuja, nimekwenda kliniki ya mtaani na kile kitabu chake cha utotoni, muuguzi amesema nyingine hawana.

BintiKuze:

Umemjibu sawa mdogo wako. J-1 ya waliofadhiliwa na serikali ina sharti la kurudi kwao na kukaa miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu au viza za kazi za aina fulani. Haimzuii kuomba viza ya mwanafunzi wa chuo kikuu akimaliza shule hapa, na wapo wengi waliofanya hivyo kwa njia ya halali. Akijificha amejifungia mlango huo na amewachafulia wadogo zake wanaongoja zamu.

Chanjo shughulikia wiki hii, usingoje Julai. Kitabu chake cha utotoni kitaonyesha polio, surua na homa ya ini B, kipeleke hicho hicho. Ambazo huwa hazimo ni tetekuwanga, na matumbwitumbwi inayotolewa pamoja na surua na rubela, kwa sababu ratiba yetu ya serikali haina hizo mbili. Pia shule nyingi hudai nyongeza ya pepopunda na kifaduro kwa umri wake. Utazilipia hospitali ya kibinafsi, na si kila hospitali huziweka, basi piga simu kwanza uulize kabla hujapanda tuktuk. Zinazohitaji dozi mbili lazima ziachane kwa wiki nne au zaidi, ndiyo maana nasema wiki hii.

Kipimo cha kifua kikuu: mwambie daktari kwamba binti alichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni, alama si iko mkononi chini ya kiwiko? Kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, wakamdhania mgonjwa. Omba kile cha damu, hakichanganywi na BCG. Na kiwe cha ngozi au cha damu, kifanywe kabla ya chanjo ya surua au siku hiyo hiyo, kisifuate siku chache baada yake.

Kila karatasi itiwe muhuri na tarehe, kwa Kiingereza, nakala moja kwenye begi la mkononi. Na akiwa mbele ya daktari, mwache binti ajieleze mwenyewe, wewe kaa pembeni.